Mkwaju wa Habona

Juzi nilipita mbele ya ofisi moja pale Garsen nikakuta vijana wakipaka chokaa mawe ya kando ya njia, maana kulikuwa na mgeni mkubwa aliyetarajiwa. Chokaa ilikuwa mbichi, imekorogwa kwenye ndoo, na harufu yake iliponifikia nikasimama palepale na mfuko wangu wa vitunguu mkononi. Ni harufu kali kidogo, yenye ubaridi, kama ya ukuta ulionyeshewa usiku kucha. Wenzangu mkinusa chokaa huenda mnakumbuka Krismasi, au siku ya kufungua shule. Mimi hukumbuka wivu.

Sioni haya kuwaambia. Nilikuwa mtoto mwenye wivu, na wivu wenyewe ulikuwa na jina. Uliitwa Habona.

Habona ni binti wa shangazi yangu, dada yake baba. Tumepishana kwa miezi michache tu, na mkubwa ni mimi. Wao walikaa Mombasa. Sisi tulikaa kijijini, chini kidogo ya Ngao, nyumba moja na Nyanya, mama yake baba. Kila likizo ya Agosti Shangazi na Habona walishuka basi Garsen wakapanda pikipiki hadi kwetu, na mimi nilianza kuvimba tangu vumbi la ile pikipiki lilipoonekana. Viatu vyake viliwaka taa kisiginoni akitembea. Mayai ambayo mwaka mzima yalikuwa ya kuuzwa, ghafla yakawa ya kukaangwa. Kitanda changu kilikuwa chake, nami nikalala mkekani na kusikiliza mbu.

Hayo yote ningeyameza. Lililonikaa kooni ni jina. Habona ni jina la Nyanya mwenyewe, na kwetu jina la nyanya huenda kwa binti wa kwanza wa mtoto wake wa kiume. Binti huyo nilikuwa mimi. Hesabu hiyo niliifanya mapema sana, hata kabla sijajua kuzidisha, na kila nilipoirudia jibu lilikuwa lilelile: jina lilikuwa langu, na mtu fulani alilichukua akampa mwingine. Mimi nikaitwa Neema. Darasani kwetu mwalimu akiita Neema, dawati zima la mbele liliitika.

Anayechukua jina la mtu mzima ndiye somo wake, na somo si mjukuu wa kawaida. Nyanya alimwekea Habona ukoko wa wali. Alimsuka mwenyewe, mimi nikasukwa na jirani mwenye mkono mzito. Habona akianguka, Nyanya alijishika goti lake na kusema, "Nimeumia!" Mimi nikianguka aliniambia niangalie ninapokanyaga.

Na kulikuwa na heshima ya lile jina. Kwetu mtu hamtaji mzazi wake kwa jina, wala mkwe wake, hata kama jina hilo amepewa mtoto mchanga. Kwa hiyo Shangazi hakuweza kumwita bintiye Habona, maana angekuwa anamtaja mama yake. Alimwita "Mama". Baba yangu naye alimwita "Mama". Mama yangu, aliyeolewa katika nyumba ile, alimwita "Mavyaa", yaani mama mkwe, na alimwita hivyo kwa sauti ya chini, akiinamisha kichwa kidogo, ilhali mavyaa mwenyewe alikuwa anavuta kamasi. Sisi wajukuu tu ndio tulioruhusiwa kulitamka, kwa kuwa mjukuu na nyanya ni watani. Lakini mimi sikulitamka. Nilimwita "we", basi.

Mimi nilikuwa Neema toka jogoo la kwanza. Mama yangu ana sauti pana, na kwa kuwa shamba letu la mpunga lilikuwa ng'ambo ya mto, aliniita kutoka ng'ambo. "Neemaaa! Leta jembe! Neemaaa! Kuku wako kwenye unga!" Wavuvi wa kambare waligeuka kwenye mitumbwi yao kunitazama. Nilitamani ardhi inimeze. Niliona mtoto wa kuheshimiwa anaitwa polepole, kwa kichwa kilichoinama, na mtoto asiye na maana anapigiwa kelele.

Sasa niwapeleke kwenye bustani.

Zamani za misheni kulikuwa na bustani pale kijijini, juu ya mwinuko unaotazama mkono wa mto uliokufa. Tana ni mto unaohama. Palikuwa na maji mengi, ukaenda zake na kuacha dimbwi refu lenye matete na mamba wachache wavivu. Wazungu wa misheni walipanda miti pale: misufi, miembe, mikwaju, na mlangilangi mmoja ulionukia jioni mpaka barabarani. Wakaenda zao, bustani ikamea magugu. Nilipokuwa mdogo wanakijiji waliifufua ili wageni wanaopita kwenda Lamu wapate pa kusimama. Walisafisha njia, wakapanga mawe kandokando na kuyapaka chokaa. Kila mti ulipewa namba na kibao chenye habari zake. Langoni kulikuwa na ubao mkubwa wenye ramani iliyochorwa kwa rangi ya mafuta. Hakukuwa na wa kukutembeza. Uliingia, ukafuata mishale iliyochorwa kwenye mawe, ukasoma mwenyewe, ukatokea kwenye lango lilelile.

Mti mmoja haukuwa na kibao cha mbao. Ulikuwa na jiwe, na kwenye jiwe yalichongwa maneno: MKWAJU WA HABONA. Zamani kila mtoto wa kijiji alipewa mche wa kumwagilia, na Nyanya, akiwa kigoli, alipewa mkwaju. Yakaja mafuriko yakachukua miche yote ya upande ule isipokuwa wake, kwa sababu aliufunga kwa kamba kwenye kisiki kabla ya watu kukimbilia mwinukoni. Tangu hapo watu waliuita hivyo, hata kabla ya kuwa na jiwe.

Mwaka ule jiwe lilipowekwa, Shangazi alipofika tu alisema lazima twende. Tukaenda alasiri, jua likiwa limepoa: Nyanya na fimbo yake, Mama, Shangazi, Habona na viatu vyake vya taa, na mimi. Mawe yalikuwa yametoka kupakwa. Chokaa ilinuka njia nzima, na mimi niliyeonywa nisiguse niligusa, nikatembea na kidole cheupe.

Nyanya alikataa mishale. "Mimi nifuate jiwe? Jiwe lilizaliwa lini?" Akakata katikati ya majani akaenda zake moja kwa moja hadi kwenye mkwaju, sisi tukazunguka na njia. Habona alisoma kila kibao kwa sauti, kwa lafudhi yake ya Mombasa, na Shangazi akasema, "Umesoma vizuri, Mama." Mimi niliijua ile bustani kwa miguu. Nilijua msufi gani una shimo la bundi na wapi siafu wanavuka. Hakuna aliyeniuliza.

Tulipofika kwenye mkwaju Nyanya alikuwa ameshakaa kwenye mzizi. Alimvuta Habona, akambandika kiganja kwenye gome la mti na kusema, "Somo, huu wako. Mimi nikiondoka, huu utakuwa umesimama na jina letu."

Letu. 

Shangazi akatoa simu kupiga picha. Nyanya na Habona walisimama nyuma ya jiwe, nami nikajisogeza kando yao, nikanyoosha shingo. Shangazi alitazama kwenye simu, akasema kwa upole kabisa, "Neema mwanangu, hebu toka kidogo. Umeficha jina."

Nikatoka. Nilikwenda kusimama nyuma ya mwembe, na kusema kweli nilitamani mafuriko yarudi, safari hii kamba ikatike. Nilitamani lile jiwe lipasuke. Nilitamani taa za vile viatu zizime zote mbili. Mama alinifuata akaniuliza nina nini. Nikamwambia vumbi limeniingia machoni. Alinipangusa kwa pindo la leso yake, akanishika mkono hadi mwisho wa njia, na mimi nikajiachia kama mzigo ili apate tabu ya kunivuta.

Tulipotokea langoni tukawakuta Shangazi na Nyanya kwenye benchi. Shangazi akatazama nyuma yetu.

"Mama yuko wapi?"

"Si mko naye?" Mama akauliza.

"Aliniambia anakuja kwenu."

Zile njia za bustani zilikuwa na tawi moja linaloshuka hadi kwenye dimbwi. Pale palikuwa na kibao kimoja kilichochorwa mamba, bila namba. Shangazi alisimama, mkoba ukaanguka. Akaweka mikono mdomoni akapaza sauti: "Mama! Mama wee! Mama!" Wageni waliokuwa wakitazama ramani waligeuka kumwona mwanamke mzima anamlilia mama yake, na mama yake ameketi hapohapo kwenye benchi. Mama yangu akaita, "Mavyaa! Mavyaa mdogo!" Ile sauti yake ya kuvuka mto ilikatikia kooni, hakuwahi kulipigia kelele neno lile. Nyanya naye aliita "Somo!", maana somo na somo hawaitani jina, lakini kifua chake hakikuwa na pumzi, sauti haikufika hata kwenye mti wa kwanza.

Mlinzi wa lango alikuwa mzee wa Kiorma, mrefu, na koti juu ya kikoi. Alikuja mbio.

"Mtoto anaitwa nani? Sema jina, mimi naita."

Shangazi akamtazama. Akamtazama Mama. Mama akatazama chini.

"Jina la shule basi," mlinzi akasema. Shuleni Habona aliitwa kwa jina la ukoo wa babake, ambalo Mama hakulijua, na jina hilo lilikuwa la baba mkwe wa Shangazi, nalo halitajiki vilevile. Shangazi alifungua mdomo, akaufunga.

"Sasa mtoto hana jina?"

Na kibaya zaidi, jina lenyewe lilichongwa kwenye jiwe mle ndani kila mpita njia alisome. Wenye mtoto ndio hawakuweza kulisema. Shangazi alinigeukia, machozi yameshaanza kumtoka, akanishika mabega.

"Neema. Mwite wewe. Kimbia, mwite."

Nikakimbia. Nilishika lile tawi la kushuka bila kuangalia mshale, mlinzi nyuma yangu, na nilipofika kwenye matete nikajaza kifua. Jina ambalo nilikuwa nimelikataa miaka yote, ambalo usiku mkekani nililinong'ona mara kwa mara kuona kama lingenikaa, likatoka kwa sauti iliyonishtua mwenyewe. Nilikuwa na sauti ya mama yangu.

"Habonaaa!"

Ndege waliruka kwenye matete. Kimya. Nikaita tena, na jina likagonga upande wa pili wa dimbwi likarudi.

"Bee!"

Alikuwa ameketi nyuma ya msufi mkubwa, mbali na maji, kati ya mizizi, miguu amenyoosha. Hakuwa amepotea wala hakuwa analia. Mlinzi alishusha pumzi, akasema neno la Kiorma ambalo nadhani halikuwa sala, akarudi kuwaambia wakubwa.

"Hukusikia unaitwa?" nikamfokea.

"Nilisikia," akasema. "Nilikuwa nangoja niitwe."

"Si uliitwa?"

Alinitazama na uso wa ajabu, kama mtu aliyepewa kitu na anaogopa atanyang'anywa.

"Niite tena," akasema.

"Nini?"

"Niite tena vile. Kwa nguvu."

Nilidhani ananiringia. Sikupata maelezo mengine katika kichwa changu: ana jina, ana jiwe, ana mti, na sasa anataka nimtangaze msituni kama mpiga mbiu wake. Nikamwita kwa hasira, karibu na sikio, nikitaka limuume. Alicheka mpaka akafumba macho. Kisha akanipa kipande cha ukwaju alichopewa na Nyanya, nusu imeshafyonzwa, na nikakichukua kwa sababu wivu haunizuii kula.

Shangazi alimkumbatia, akampiga, akamkumbatia tena, huku akisema "Mama, Mama, Mama." Tukarudi nyumbani. Usiku ule nililala mkekani, nikawa nimemchukia kuliko kawaida.

Miaka imepita. Nyanya hayuko tena. Habona ni muuguzi Mombasa, na kitu ambacho sikuwahi kukielewa ni kwamba kila akinipigia simu husubiri. Haongei mpaka niseme, "Habona!" Ndipo anasema "Bee," halafu tunaanza umbea wetu. Nilidhani ni mazoea tu.

Baada ya kunusa ile chokaa pale Garsen, nilikwenda nyumbani nikamwambia Mama, "Jumapili twende bustanini." Magoti yake siku hizi hayapendi safari, lakini alikubali. Tulikaa kwenye lile benchi la langoni. Rangi ya ramani imebabuka, mawe bado yanapakwa. Na mimi, mwanamke mzima mwenye mume na kazi, nikajikuta nauliza swali la mtoto.

"Mama, kwa nini hamkunipa jina la Nyanya? Lilikuwa langu."

"Lilikuwa lako," akasema. "Mimi ndiye niliyelikataa."



"Mimi mwenyewe nimebeba jina la nyanya yangu, mama yake baba," akasema. "Unajua mama yangu aliniita nani? Mavyaa. Toka nazaliwa mpaka anaingia kaburini. Akinituma, Mavyaa. Akinipenda, Mavyaa. Nikiugua, Mavyaa. Watu baki ndio walioniita jina langu. Siku alipokuwa anaondoka nilimwinamia nikidhani labda leo atalisema. Hakulisema. Alikuwa na heshima zake mpaka mwisho."

Mgeni mmoja alipita, akatusalimu, akaanza kufuata mishale.

"Nilipokuwa na mimba yako nilimwendea mavyaa wangu. Alikuwa anapeta mpunga uani. Nikapiga magoti, nikamwambia, mama, nisamehe, nikizaa wa kike nataka mtoto ninayeweza kumwita."

"Akasemaje?"

"Alipeta tu, akapeta. Nilidhani nimemtukana, yule mama alikuwa anatamani somo ndani ya nyumba yake, alikuwa ameshaanza kukutafutia shanga. Halafu akaweka ungo chini, akaniambia, 'Basi mtafutie jina linalovuta sauti, lifike ng'ambo.' Tukakaa pale uani mimi na yeye tukijaribu majina kwa kelele, moja moja, kuona lipi linakwenda mbali. Majirani walidhani tumegombana. Neema ndilo alilolichagua yeye."

Nilimfikiria Nyanya anapiga kelele uani, akilitoa jina lake nje ya nyumba yake ili mimi niwe na langu. Nilimfikiria Habona kati ya mizizi ya msufi, akisikia Mama, Mama, Mavyaa, Somo, na hakuna hata moja lililokuwa yeye, na kabla ya hapo amekuwa akisikia kutwa nzima Neema, Neemaaa, kutoka shambani, kutoka jikoni, kutoka ng'ambo ya mto. Mtoto yule alikuwa na wivu kunishinda mimi.

Nilimwambia Mama naenda kutazama mkwaju mara moja. Nikafuata mishale yote, mmoja baada ya mwingine, kama mgeni. Jiwe limeota ukungu upande mmoja. Niliweka kiganja kwenye gome pale Nyanya alipokibandika cha somo wake, nikakaa kwenye mzizi, na sijui nilikaa muda gani.

Kutoka langoni nikasikia sauti. Imezeeka, ina mkwaruzo kidogo, lakini bado ni pana.

"Neemaaa! Tunachelewa!"

Wageni waliokuwa karibu nami waligeuka kunitazama. Ningeweza kuitika. Nilikaa kimya kwenye mzizi, mkono kwenye jiwe, nikangoja aniite tena.